Daftari la vitu vilivyookotwa: mwongozo kamili kwa mitaa ya Tanga

Malalamiko yanayorudi kutoka Ngamiani, Makorora, Mabawa na Sahare ni yale yale. Vitambulisho vinachomekwa kwenye nondo za dirisha la duka mpaka jua linafuta picha, na mwenyewe anakaa barabara ya pili tu kutoka hapo. Simu inatangazwa na picha yake kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya magharibi watu watatu wameshajitokeza, wote wanaijua rangi. Pochi inarudi kwa mwenyewe, naye anasema fedha zimepungua, na kijana aliyeiokota anaondoka akijutia wema wake.

Chanzo ni kimoja: tangazo linasema mengi, na hakuna daftari lililoandika kitu. Hapa utaratibu unageuzwa. Andika kila kitu, tangaza kidogo. Unafaa kwa duka, kijiwe cha bajaji, ofisi ya mtaa, kamati ya msikiti au ya kanisa, mahali popote ambapo watu tayari wanaleta vitu wakisema "nimeokota hiki, mwenyewe akija mpe".

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kaunta buku moja ngumu. Karatasi za kuchana hazifai, kwa kuwa ukurasa ukitoka hakuna anayejua.
- Bahasha za kaki, ndogo na kubwa, zisizopungua ishirini kwa kuanzia.
- Kalamu ya wino, maka peni, gundi na stepla.
- Sanduku la bati lenye kufuli, na funguo mbili zinazokaa kwa watu wawili.
- Chaja tatu: ya Type-C, ya pini bapa ya zamani, na ya pini nyembamba ya vitochi.
- Matofali mawili ya kuinulia sanduku. Unyevu wa pwani unapanda kutoka sakafuni, na vyeti ndivyo vinavyoota ukungu mwanzo.

## Hatua ya 1: Watunzaji wawili, na mwenyekiti ajue

Mtu mmoja peke yake hatoshi. Akisafiri, sanduku linafungwa. Likizuka neno, hana shahidi. Chagueni wawili wasio wa nyumba moja, na mmoja awe mtu anayepatikana kutwa: muuza duka, fundi cherehani, mama wa genge.

Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mweleze, naye asaini ukurasa wa kwanza wa daftari na kupiga muhuri. Jambo hili linaonekana dogo, lakini siku kitu kikigombewa, muhuri ule ndio unaolitofautisha daftari lenu na droo ya mtu binafsi.

Mmefanikiwa hapa kama: mtu yeyote mtaani akiulizwa "vitu vilivyookotwa vinapelekwa wapi?" anataja mahali pamoja.

## Hatua ya 2: Pokea mbele ya aliyeokota

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta ugomvi. Aliyeleta asiondoke kabla kitu hakijafunguliwa, hakijahesabiwa na hakijaandikwa akiwa anaona.

Chora safu hizi: namba, tarehe na saa ya kuokota, tarehe na saa ya kuleta, mahali hasa, maelezo kamili, jina na simu ya aliyeokota, saini yake, saini ya mtunzaji. Acha nafasi upande wa kulia kwa siku ya kukabidhi.

Mahali paandikwe kwa usahihi. "Ngamiani" peke yake haisaidii. Andika "barabara ya 8, mbele ya duka la nafaka, upande wa mtaro", au "ndani ya bajaji, kiti cha nyuma, abiria alishuka Bombo". Mahali halisi ni swali zuri la kumpima anayedai, mradi lisitangazwe.

Fedha zihesabiwe na watu wawili kwa sauti, noti kwa noti: noti ngapi za 10,000, ngapi za 5,000, na sarafu. Andika pia namba ya usajili iliyochapwa kwenye noti kubwa moja. Mwenyewe akija kudai zaidi, aliyeokota ana saini na mashahidi.

Mweleze aliyeokota kwa nini anasaini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, haimwachii anayeokota kitu akakifanya chake hali anamjua mwenyewe, au ana sababu ya kuamini anaweza kupatikana. Huo ni wizi. Saini na saa iliyoandikwa vinamkinga.

Tahadhari: mtu akikuletea simu akataka "mpe mwenyewe, lakini mimi nipe kwanza elfu ishirini", usilipe. Hapo unanunua, na kama kitu ni cha wizi utakuwa wewe ndiye uliyekinunua. Na mzigo uliotelekezwa stendi ya Kange ambao hakuna anayeujua usiufungue wala usiusogeze. Waite walinzi wa stendi au piga 112.

## Hatua ya 3: Funga, andika namba, weka sandukuni

Kila kitu kiwe na bahasha yake. Nje andika namba ya daftari na tarehe tu. Usiandike "pochi ya kahawia, laki moja na ishirini" juu ya bahasha, maana kila anayepita anasoma. Gundisha mdomo, kisha watunzaji wote wawili wasaini juu ya mgundo ili bahasha ikifunguliwa ionekane.

Karatasi zilizolowa zikauke kwanza kivulini, zikitandazwa juu ya kitambaa. Ukifunga cheti kibichi ndani ya kaki, wiki ya pili kimeshikana na bahasha.

Wenyeji wa pwani watautambua utaratibu huu. Mtume aliulizwa juu ya mali ya kuokota, akaelekeza kwanza kukijua chombo chake na kamba yake, ndipo kutangaza, kwa mwaka mzima. Alama zinawekwa moyoni, sauti ndiyo inayotoka nje.

## Hatua ya 4: Kila aina na njia yake

### Simu

Simu iliyowaka ndiyo inayorudi haraka, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuilinda isizime. Ichaji. Usitoe laini. Usijaribu namba ya siri: ukikosea PIN ya laini mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na umemfungia mwenyewe mlango wa kupiga. Subiri ipigwe, pokea, sema: "Simu hii imeokotwa, ipo salama mtaa fulani. Mwenyewe aje." Usimtajie mpigaji ni aina gani, hata akisema ni mama yake. Ikigoma kuwaka, peleka kwenye duka la mtandao wa laini hiyo, uwaombe wamtafute aliyeisajili.

Ikiwa imelowa maji ya bahari, pengine imeanguka Deep Sea au Raskazone, hapo usichaji kabisa. Chumvi inapitisha umeme mahali pasipotakiwa na kuunguza bodi. Zima, toa betri kama inatoka, andika "imelowa, haijachajiwa" kwenye daftari. Bila maandishi hayo utalaumiwa wewe kwa kuiua.

### Vitambulisho na kadi

Kadi ina kwao. Ya NIDA inarudi ofisi ya NIDA ya wilaya, leseni ya udereva TRA, pasipoti Uhamiaji, kadi ya benki tawi lolote la benki hiyo. Kaa nayo siku saba, tangaza, kisha peleka na uandike jina la ofisi na siku. Kuirundika miezi dukani si kuitunza, kwa sababu mwenyewe atakuwa ameshalipia nyingine.

Kadi ya kliniki ya mtoto isisubiri siku saba. Humo kuna tarehe za chanjo na uzito, na mama anaihitaji mwezi huo huo. Soma jina la zahanati lililoandikwa, ipeleke huko.

Kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya wanaoishi na VVU, au karatasi yoyote ya vipimo vya hospitali, haitangazwi popote, hata kwa jina la kwanza. Ifunge bila kuisoma zaidi ya jina la kituo, na mtunzaji mmoja aipeleke kituoni mkononi. Kwenye daftari andika "kadi ya hospitali" basi. Mtu anaweza kuvunjikiwa nyumba kwa mdomo wa mtu mmoja hapa, na hakuna kitu ndani ya sanduku hili chenye uzito huo.

### Baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli "iliyookotwa" mara nyingi imeibwa ikatupwa. Igeuze juu chini utafute namba iliyogongwa kwenye fremu, chini ya ekseli ya pedeli au nyuma chini ya tandiko. Andika namba hiyo, chapa, rangi, na makovu yote: madigadi iliyochomelewa, keria yenye kamba, spoku zilizokosekana, kengele. Phoenix nyeusi zinafanana mia. Makovu hayafanani. Ikipita siku ya pili bila mwenyewe, iende polisi.

### Funguo

Usitangaze zilipookotwa kwa usahihi, maana aliye karibu ataujua mlango. Kipimo ni kimoja: anayedai aje na kufuli lake, au mtunzaji amfuate hadi mlangoni, na ufunguo ufungue.

### Dhahabu

Hereni au mkufu upimwe kwa sonara siku hiyo hiyo mbele ya watunzaji wote na aliyeokota, gramu ziandikwe, kisha iende kituo cha polisi. Usilale nayo. Sanduku la bati halikutengenezwa kwa dhahabu, na habari zake hazifichiki.

### Nguo, kanga, vyakula

Kanga inaachwa sana kwenye bajaji na daladala. Soma jina lake, liandike neno kwa neno, usilitangaze. Lakini jina pekee halitoshi, kwa kuwa doti za jina hilo ziko nyingi sokoni: tazama imekatwa au bado doti nzima, pindo limeshonwa kwa uzi gani, kuna doa la piko au la mafuta wapi.

Samaki, nyama na mboga haviwekwi. Uza kwa bei ya sokoni mbele ya mashahidi, fedha ziingie kwenye bahasha yenye namba.

## Hatua ya 5: Tangaza kidogo

Tangazo zuri lina mambo manne tu: aina ya kitu, eneo kwa upana, siku, na pa kwenda. Mfano:

> Imeokotwa pochi, maeneo ya Mgandini, siku ya Jumamosi. Aliyepoteza afike duka la fundi cherehani, barabara ya 12, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Aje na maelezo.

Hakuna rangi, hakuna kiasi, hakuna picha, hakuna "imekutwa chini ya kiti". Kwa kitambulisho, taja jina la kwanza na herufi ya mwanzo ya ukoo. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, na zile nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukiirusha kwenye makundi umempa tapeli jina, picha na umri wa mtu kwa mkupuo mmoja, naye atampigia akijifanya yuko ofisini. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kutoa tangazo la huruma hakukuondoi ndani yake.

Tangaza siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Makundi ya WhatsApp ya mtaa yana faida, ila mabaraza ya kahawa hayajashindwa bado: wazee wanaokaa na gahawa baada ya alasiri wanajua nani wa nyumba ipi kapoteza nini, tena bila bando. Pitia pia vijiwe vya bodaboda vya njia ile, na madrasa, maana watoto hupeleka habari nyumbani neno kwa neno.

Msikitini tangazo linasomwa nje, mlangoni, watu wakitoka Ijumaa. Kunadi kilichopotea ndani ya msikiti kumekatazwa kwenye hadithi iliyomo katika kitabu cha Imam Muslim, kwa hiyo usimweke imamu katika hali ya kukukatalia mbele za watu. Kanisani mpe katibu karatasi kabla ya ibada, aisome kwenye matangazo.

Mmefanikiwa hapa kama: wanaokuja wanauliza "ni ipi?" na si kusema "ile nyekundu niliyoiona kwenye kundi".

## Hatua ya 6: Muulize anayedai kabla hajaona kitu

Sanduku libaki limefungwa. Salimia, karibisha kiti, maana aliyepoteza ana wasiwasi na hana kosa. "Shikamoo bi mkubwa, hebu tueleze pochi yako ilivyo na mara ya mwisho ulikuwa nayo wapi." Kisha nyamaza umwache aseme.

Usiulize swali lenye jibu ndani yake. "Ni nyeusi?" linajibiwa "ndiyo" na kila mtu. "Ni ya rangi gani, na ndani mna nini?" linamtoa tapeli jasho. Mtunzaji wa pili aandike majibu kwanza, ndipo daftari lifunguliwe na kulinganishwa. Tafuta alama tatu, na moja iwe ya ndani, isiyoonekana kwa aliyepita tu njiani.

Usidai ukamilifu. Mtu mzima akisema "fedha kama elfu thelathini na kitu" na ndani mna 34,500, huyo ni mkweli. Anayetaja kiasi hadi shilingi ya mwisho lakini hajui kama pochi ina zipu, muongezee maswali.

Kwa simu, mwenyewe aifungue kwa kidole au kwa namba yake mbele yenu, ninyi mkitazama pembeni. Usimwulize kamwe namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money kuwa ndiyo ushahidi. Ikiwa simu imekufa, aje na boksi: IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, iliyo kwenye boksi ifanane na ile ya nyuma ya betri au ya kwenye trei ya laini. Kwa simu inayowaka, *#06# inaionyesha.

Wakija wawili na wote wana maelezo yanayoelekeana, pengine ni mume na mke waliogombana, usiamue. Kitu kinabaki sandukuni, na wote watatu mnakwenda kwa mwenyekiti.

## Hatua ya 7: Kabidhi

Fungua bahasha mbele yake, ahesabu, aseme kwa sauti "kimetimia" au "hakijatimia", aandike jina, simu na saini. Akisema hakijatimia, mwonyeshe ukurasa wa siku ya kupokea, ukiwa na saini ya aliyeokota na mashahidi. Malalamiko yake yaandikwe hapo hapo pembeni. Hasira nyingi huishia kwenye ukurasa huo.

Mtoto hakabidhiwi simu wala fedha, hata kama katumwa na mama. Ndugu aliyetumwa aje na kitambulisho chake, na mwenyewe azungumze nanyi kwa simu kwanza.

Juu ya shukrani: daftari halidai senti. Mwenye mali akipenda kumpa aliyeokota, ampe mkononi, kwa kiasi chake, na mtunzaji asipendekeze kiwango. Nauli ni jambo jingine. Dereva aliyeacha kazi akaleta mkoba kutoka Pongwe arudishiwe mafuta yake, na ni haki kumwambia mwenyewe hivyo waziwazi.

## Kwa upande wa aliyepoteza

Mtu akifika hana lake sandukuni, asiondoke mikono mitupu. Mpe mpangilio huu, kwa sababu wengi huanza na cheti wakasahau fedha.

Kwanza laini: apige 100 ya mtandao wake kwa simu nyingine, afungiwe laini na akaunti ya fedha. Pili benki, kadi izuiwe. Tatu, kama kitambulisho kimepotea, apige *106# kwenye laini yake mpya aone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Nne ndiyo losi ripoti, yaani hati ya polisi ya kupotelewa, ambayo hupatikana kituoni au kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, na bila hiyo ofisi nyingi hazitoi nakala. Kama ameibiwa, losi ripoti si yake. Aende kituoni afungue RB, yaani taarifa ya wizi kwenye kitabu cha polisi.

Aliyesahau mzigo kwenye basi aanze ofisi ya basi hilo akiwa na tiketi, kabla gari halijageuza. Kwa bajaji, namba ya usajili au hata kijiwe alichopandia vinatosha kuanzia.

Mwonye pia: akitangaza namba yake, atapigiwa na mtu anayesema "ninacho, nitumie ya kutolea". Asitume chochote. Amwambie ataje alama moja ya ndani. Ujumbe wa kitapeli autume bure kwenda 15040.

Andika alichopoteza kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile, kuanzia mwisho kuja mbele. Kikiletwa kesho, utampigia wewe.

## Hatua ya 8: Visivyodaiwa

Fedha na simu: saa 48, kisha kituo cha polisi. Kadi: siku saba, kisha ofisi zake. Nguo, miavuli, viatu, vyombo: vikae, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watunzaji wawili wafungue sanduku pamoja na kuhesabu namba za vitu ambavyo havijachukuliwa. Mwaka ukitimia, mwenyekiti na watunzaji wakae waamue wapewe wahitaji, na jina la aliyepewa liandikwe, maana mwenyewe akitokea baada ya hapo ana haki ya kuelezwa.

Unapopeleka kitu polisi, dai kusainiwa kwenye daftari lako: jina la askari, cheo, tarehe na saa. Piga mstari kwenye namba hiyo, usiifute. Mwenyewe akija miezi miwili baadaye, utamwelekeza dirisha lipi aende na aulize kitu cha siku gani.